Mdomo wa Steringi

Wiki jana tulimwacha Isakwisa jukwaani, maiki mkononi, jasho likimtiririka kwenye baridi ya Ufipa ambayo wenzake wote walikuwa wameivalia makoti. Kama gazeti la wiki jana lilikupita kwa sababu muuza maandazi alikuwahi kulichana, usijali. Nakuweka sawa upesi.

Isakwisa ni Mnyakyusa aliyetoka Mbeya akahamia Sumbawanga. Kwa miaka ishirini alitafsiri filamu za Kihindi kwenye banda la video pale Katandala. Steringi wake mkubwa, yaani nyota wa filamu hizo, alikuwa Devraj Kanwal. Devraj akifungua mdomo kwenye runinga, sauti inayotoka ni ya Isakwisa. Mji mzima ukamwita Devraji, mpaka mapadri.

Siri yake ni moja tu. Kihindi hajui hata cha kuombea maji.

Na wiki jana, Devraj Kanwal mwenyewe, aliyeacha filamu akawa mbunge huko kwao India, aliteremka kwenye gari katika kijiji cha Ilende, nyuma ya Milanzi. Alikuja na kampuni inayotaka ardhi ya kulima alizeti. Akapanda jukwaani, akamkumbatia Isakwisa, aliyeitwa kuwa mkalimani, mbele ya watu mia nane, akammiminia Kihindi kitupu.

Kisha akasubiri.

"Tafsiri, mkwe!" mzee Flavian alipaza sauti kutoka safu ya mbele. Huyo ndiye baba yake Albina, mke wa Isakwisa, na mashamba yaliyokuwa yakizungumziwa ni ya ukoo wake na majirani zake.

Isakwisa akafanya alichokuwa akifanya siku zote bandani: akatazama macho ya mtu, akatazama mikono, akasema linalofanana.

"Anasema amefika nyumbani!"

Uwanja wa kigango, lile kanisa dogo la kijiji, ulilipuka kwa vigelegele. Devraj Kanwal alishtuka kidogo, akawatazama akina mama, akaendelea kuongea mkono ukiwa kifuani.

"Anasema baridi hii imemkumbusha mama yake! Aliwafunika watoto saba kwa blanketi moja!"

"Masikini!" wakaitikia akina mama. Vigelegele vikarudi.

Usimcheke, msomaji. Mtu akishazoea kusifiwa kwa uongo, ukweli humkwama kooni. Wewe mwenyewe ungeweza kushuka pale jukwaani? Acha kujitia utakatifu.

Kasheshe ikaja pale Devraj alipovaa miwani na kutoa karatasi. Akaanza kusoma. Mtu anayesoma karatasi hana macho wala mikono ya kukupa fununu. Isakwisa akawa kama kipofu.

Hapo Diwani Polikarp, aliyeketi kiti cha nyuma yake, akamchomekea karatasi nyingine kiganjani.

"Soma hii," akanong'ona. "Ndiyo hiyohiyo anayoisema."

Isakwisa akasoma kwa sauti. Kampuni itajenga zahanati. Vijana watapata kazi. Kampuni inaomba tu lile pori la ng'ambo ya kijito, ambalo halilimwi. Watu wakapiga makofi, na mzee Flavian akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Pori lile lina mawe matupu, nani angelililia?

Lakini Isakwisa aliona kitu kimoja. Karatasi yake ilikuwa na mistari sita. Ya Devraj ilikuwa na kurasa nne.

"Mgeni anaomba apumzike kidogo, anywe chai," akasema kwenye maiki, na safari hii hakumsubiri mgeni aseme lolote.

Diwani Polikarp alimshika mkono kirafiki, akamwongoza hadi kwenye chumba cha katekista nyuma ya kigango. Chumba kina dirisha moja lenye nondo. Walipoingia tu, diwani akafunga mlango kwa ufunguo.

"Umefanya vizuri sana, ndugu yangu," akasema.

"Mheshimiwa, ile karatasi yake mbona ndefu?"

"Wahindi wana maneno mengi. Kaa chini."

"Mimi nataka nijue imeandikwa nini."

Polikarp akacheka. "Unataka ujue? Wewe si mkalimani? Wewe si Devraji?"

Isakwisa akautazama mlango uliofungwa.

"Unadhani nilikuchagua kwa nini?" diwani akaendelea. "Dar es Salaam wako wakalimani wenye vyeti. Wanajua Kihindi. Shida yao ndiyo hiyo."

"Unasema nini, mheshimiwa?"

"Niliuza tiketi mlangoni pako miaka mitatu, umesahau? Ijumaa mkanda mmoja Devraj alikuwa polisi. Jumapili mkanda uleule akawa daktari."

"Watu walijua ni sehemu ya pili," Isakwisa akasema kwa sauti ndogo.

"Watu, ndiyo. Mimi nilikuwa nakaa na makasha ya mikanda mapajani."

Diwani akaweka karatasi mezani, akaweka na kalamu juu yake. Kichwa cha karatasi kilisomeka kwa herufi kubwa: TAMKO LA MKALIMANI. Chini yake, maneno machache. Kwamba mgeni alizungumza Kihindi. Kwamba mkalimani anakijua Kihindi na alieleza kila neno kwa uaminifu. Kwamba wananchi walielewa na kukubali.

"Weka sahihi."

"Lakini wananchi hawajanyoosha mikono bado."

"Mikono ya nini? Wameshasaini tangu asubuhi."

"Asubuhi wamesaini mahudhurio!"

"Na mahudhurio yamebandikwa nyuma ya muhtasari. Muhtasari unasema wamekubali." Polikarp akanyoosha koti lake. "Kimebaki hicho kijitamko chako. Saa nane mwanasheria wa kampuni anaondoka nacho."

"Na nisiposaini?"

"Natoka pale nje, nawaambia hujui Kihindi. Umemdanganya mbunge wa nchi ya watu na kijiji kizima. Askari wawili wako pale chini ya mkaratusi. Na mkeo yuko safu ya pili, nimemwona."

Akatoka. Ufunguo ukageuka kwa nje.

Isakwisa akaenda dirishani, akashika nondo. Kutoka pale alimwona Albina, kitenge cha njano, akiwaonyesha wenzake kwa kidole lile jukwaa alilosimama mumewe. Alikuwa akicheka kwa fahari. Isakwisa akatamani ardhi ipasuke immeze, ardhi hiyohiyo iliyokuwa ikiuzwa.

Akaketi. Akaishika kalamu. Usishtuke, msomaji, alikaribia kabisa kusaini. Herufi ya kwanza aliiandika.

Ndipo mlango mwingine, unaotokea sakristia anakovalia padri na uliokuwa umefungwa kwa upande wa pili, ulipofunguka. Akaingia Devraj Kanwal na kikombe cha chai mkononi.

Kwenye filamu alikuwa na mabega ya kubomolea milango. Mtu huyu alikuwa mzee, nywele zimetiwa rangi, magoti yanamuuma. Akafunga mlango taratibu kwa kisigino.

"Wewe," akasema kwa Kiingereza, "hujui Kihindi."

Isakwisa alimaliza kidato cha nne, Kiingereza chake kilitosha kuelewa kwamba amekwisha.

"Waliniambia kijiji kimefiwa na katekista wiki iliyopita," Devraj akasema. "Basi nikaanza kwa kuwapa pole ya msiba. Wanawake wakapiga vigelegele."

"Nisamehe, mheshimiwa."

"Nikawaombea marehemu apumzike. Wakapiga tena!"

Mzee yule akaanza kucheka, akacheka hadi chai ikamwagika. Isakwisa hakucheka. Mtu akiwa mtegoni hata mzaha mzuri haumpati.

"Filamu zangu umetafsiri ngapi?" Devraj akauliza.

"Thelathini na moja."

"Basi nami nikuambie kitu." Akavuta kiti cha marehemu katekista, akaketi. "Ile sauti uliyokuwa ukiisikia, si yangu."

"Sijakuelewa."

"Mimi ni mtu wa kusini mwa India. Nilipoanza filamu, Kihindi nilikuwa sijui. Palikuwa na mtu mmoja mfupi, mgonjwa wa pumu, anakaa studio anasema maneno yangu. Filamu zote thelathini na moja. Nimepewa tuzo kwa sauti yake. Alipofariki sikwenda kumzika, niliogopa watu watajua."

Wakatazamana. Miaka ishirini Isakwisa alikuwa akiweka maneno yake kwenye mdomo wa mtu ambaye naye hakuwa na maneno. Hasira ilimpanda, na huruma ikamjia hapohapo.

"Sasa mbona unakisema Kihindi?"

"Nilijifunza kwa ajili ya kura, jimbo langu liko kaskazini. Wapinzani wangu wananiita mgeni. Nikaapa kwamba jukwaani nitasema Kihindi tu, popote duniani. Yule kijana niliyekuja naye, mwenye kamera, anarusha kila kitu nyumbani muda huuhuu. Uchaguzi ni mwezi ujao."

"Na ile karatasi?"

"Ya kampuni. Ndiyo inayonibeba kwenye kampeni. Wakinipa, nasoma."

"Imesema nini? Ni lile pori la ng'ambo ya kijito, sivyo?"

Devraj akakunja uso. "Pori gani?"

"Lenye mawe."

"Rafiki yangu, karatasi inasema ekari elfu mbili, kutoka kijitoni mpaka barabara kubwa. Inasema wakazi wote wamekubali kuhama kabla ya mvua. Inawashukuru kwa moyo wao."

Isakwisa akasimama, kiti kikaanguka. Kutoka kijitoni mpaka barabara kubwa ni Ilende nzima. Ni kigango. Ni mashamba ya ulezi ya mzee Flavian na makaburi ya wazee wake. Ni nyumba aliyozaliwa Albina.

"Hawajakubali! Hawajui!"

"Nimeanza kuona hivyo," Devraj akasema, akitazama chai yake.

Isakwisa akaliangalia lile tamko mezani. Mkalimani anakijua Kihindi. Kichwa chake, kilichokuwa kimeganda tangu asubuhi, kikaanza kufanya kazi. Kama mkalimani hajui lugha, basi wananchi hawakuelezwa kitu. Kama hawakuelezwa, hapakuwa na mkutano wala makubaliano. Tamko lile ndilo lililoshikilia mzigo wote.

Na diwani? Diwani hawezi kusimama akasema mkalimani hajui Kihindi. Akisema, anaichoma karatasi yake mwenyewe. Alikuwa akimtisha kwa panga la mti!

Mtu pekee aliyeweza kuiokoa Ilende alikuwa mwongo mwenyewe. Bei yake ni kujitangaza mwongo, mbele ya baba mkwe, mbele ya mkewe, mbele ya mji uliomfuga miaka ishirini.

"Nikiwaambia sijui," Isakwisa akauliza, "wewe utaniunga mkono?"

Devraj akatazama mlango, ng'ambo yake ambako kamera ilikuwa ikimsubiri.

"Nikiulizwa, nitajibu," akasema. Akaondoka na kikombe chake.

Dakika mbili baadaye Polikarp akafungua. "Umesaini?"

"Nitasaini jukwaani," Isakwisa akasema. "Watu waone."

Polikarp akamkazia macho, kisha tabasamu likamjia. Mbele za watu! Tena itapendeza kwenye picha. Akaibeba karatasi na kalamu kwa mikono yake mwenyewe.

Walipotokeza, uwanja ukaimba jina. Devraji! Devraji! Wageni wakadhani anaimbiwa mbunge. Isakwisa akachukua maiki.

"Ndugu zangu, wazee wangu. Nina jambo." Akaitazama safu ya pili. "Mimi sijui Kihindi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Ninasema kweli! Sijawahi kukijua! Zile filamu zote nilikuwa natunga!"

Wakacheka zaidi. Vijana wa bodaboda waliokaa juu ya pikipiki zao wakapiga honi. "Huyo ndiye mwenyewe, mshikaji! Hajapoa hata kidogo!"

Msomaji, hapo ndipo nilipomwonea huruma mtu huyu. Miaka ishirini ya uongo watu waliununua kwa tiketi. Siku anagawa ukweli bure, wanadhani ni vichekesho.

"Nawaapia! Mgeni aliwapa pole ya msiba, mkapiga vigelegele!"

Mzee Flavian alifuta machozi ya kicheko, akainuka polepole.

"Mkwe, tuache utani sasa, watu wana ng'ombe wa kuswaga. Mimi binti yangu nilikupa kwa sababu u mtu wa lugha. Sikukudai ng'ombe hata mmoja wa ziada, nilisema huyu ana elimu, inatosha. Unadhani ningempa mwongo?"

"Ulimpa, baba," Isakwisa akasema. "Nisamehe. Ulimpa."

Kicheko kikapungua. Kwenye safu ya pili kitenge cha njano kilisimama. Albina hakuwa akicheka.

"Baba Gift," akasema. Hakuhitaji maiki. "Ule wimbo wa Kihindi ulionitafsiria siku ya ndoa yetu, mbele ya mama yangu. Wimbo wenyewe ulisema nini?"

"Sijui, mama Gift."

"Ulisema unasema nikienda mbali, nyumba itabaki na ukuta mmoja."

"Hayo niliyatunga mimi."

Albina alisimama palepale. Ule wimbo alikuwa akiwaimbia watoto wake wote wanne. Kisha akaketi, akajifunika uso kwa kitenge, na wanawake waliokaa jirani naye wakaacha kucheka mmoja baada ya mwingine.

Polikarp akaona mambo yanaharibika. Akarukia maiki.

"Wananchi! Mkalimani wetu amechoka, ana njaa! Huyu Kihindi anakijua, mimi namfahamu miaka yote! Nilikaa mlangoni pake, ni shahidi!"

Muda mfupi tu uliopita aliahidi kumuumbua kwamba hajui. Sasa anaapa kwamba anajua. Siasa bwana!

"Muulizeni aliyoyasoma mgeni!" Isakwisa akapiga kelele bila maiki. "Si pori la ng'ambo! Ni Ilende yote, mpaka barabara kubwa! Mnahama kabla ya mvua! Majina mliyoandika asubuhi yamefanywa ndiyo mkataba!"

Uwanja ukavuma kama ngurumo ya radi inayokaribia. Watu waliokaa wakasimama. Mwingine akasema diwani ni mwizi, mwingine akasema mkalimani amehongwa na kampuni nyingine. Askari wawili wakatupa sigara zao, wakaanza kusogea.

Mzee Flavian akainua mkongojo juu. Kelele zikashuka.

"Mmoja anasema mkwe wangu anajua lugha. Mkwe wangu anasema hajui," akasema. "Mimi ni mkulima wa ulezi, sitaweza kuwaamua. Lakini mwenye lugha yake yuko hapa amekaa. Aulizwe yeye."

"Aulizwe!" uwanja ukaitikia.

Mwalimu Jenifer wa shule ya msingi, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu, akapanda jukwaani bila kualikwa. Akamwuliza mgeni kwa Kiingereza safi, taratibu, kila mtu asikie. Huyu mtu aliwatafsiria maneno yako kwa kweli? Na ardhi unayoitaka inaishia wapi? Jibu kwa Kiingereza, mimi nitawaeleza.

Devraj Kanwal akasimama.

Isakwisa akamtazama machoni. Akamtazama kama alivyomtazama miaka yote gizani bandani, akimwomba kwa moyo wake wote aseme sentensi moja tu ya Kiingereza.

Devraj akageuza shingo. Akaitazama kamera. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka, na nyuma ya taa ile walikuwako wapiga kura wote wa jimbo lake.

Akachukua maiki kwa mikono miwili, akasema.

Kwa Kihindi.

Akasema kwa muda mrefu. Hakushika karatasi. Alimwonyesha Isakwisa kwa kidole, akamwonyesha na Polikarp, akaionyesha ile mistari ya ulezi mpaka kule inakopotelea barabarani. Katikati sauti ilimkatika, akavua miwani, akajifuta macho, akaendelea. Kijana mwenye kamera akawa ameduwaa, mdomo wazi. Mwanasheria wa kampuni akafunga mkoba wake haraka.

Lilikuwa jambo kubwa. Hilo kila mtu aliliona. Ila hapakuwa na roho moja pale Ilende iliyojua ni jambo gani.

Mwalimu Jenifer akatikisa kichwa. "Sikupata hata neno," akasema.

Devraj alipomaliza aliweka maiki kwenye kiganja cha Isakwisa, akakikunja kiganja kile kwa vidole vyake, akaketi.

Watu mia nane wakamgeukia Isakwisa. Albina akashusha kitenge usoni. Askari mmoja alikuwa ameshafika kwenye ngazi za jukwaa.

Mzee Flavian akaegemea mkongojo wake, akamtazama mkwewe kwa macho ya mtu anayeomba.

"Haya, mwanangu," akasema. "Amesemaje?"